Karamu ya maegeshoni: moto, sinia na mifuko ya taka

Kuanzia Septemba hadi Januari, maegesho ya viwanja vya futiboli ya Kimarekani hugeuka majiko. Jumamosi ni zamu ya vyuo vikuu, Jumapili ni zamu ya timu za kulipwa. Saa nne au tano kabla ya mchezo magari yamekwisha kujipanga, buti ziko wazi, mkaa unawaka, na jirani ambaye hukumjua dakika tano zilizopita anakuuliza hiyo ni nyama gani. Hii ndiyo teligeti. Nje ya uwanja wa Arrowhead, Kansas City, harufu ya mbavu hukupokea mapema. Green Bay, nje ya Lambeau Field, wanapenda soseji zilizochemshwa kwenye bia kisha zikachomwa. Na Oxford, Mississippi, kwenye bustani ya chuo kikuu iitwayo The Grove, huruhusiwi kuwasha moto wala kuingiza gari: chakula kinapikwa nyumbani na kupangwa chini ya miti, penye vitambaa vya meza na vyombo vya maana.

Waswahili wanaoishi Marekani wameingia humo na mbuzi wao, pilau yao na kachumbari yao, na imewakaa vizuri. Mtu aliyezoea kupikia arusi uani hahitaji kufundishwa kupikia watu ishirini penye upepo. Kazi inakuwa ngumu baada ya kula, pale ambapo sahani zinapeperuka, mkaa bado unawaka, milango ya uwanja imefunguliwa na kila mtu anataka kuwahi wimbo wa taifa.

Mfano wa hapa ni watu 20, magari manne, na mchezo unaoanza saa saba mchana. Msimamo wetu tunausema mapema: taka za teligeti hazizaliwi uwanjani. Zinatoka nyumbani, ndani ya buti. Anayepakia vizuri Jumamosi jioni amekwisha kufanya nusu ya usafi wa Jumapili.

Nafasi, tenti na madumu manne

Nafasi ya kawaida ya kuegesha gari Marekani ina upana wa karibu mita 2.7 na urefu wa mita 5.5. Tenti inayouzwa kila duka ni ya mita tatu kwa tatu. Hesabu hiyo pekee inaonyesha kwa nini majirani hugombana: ukiwa na nafasi moja, mguu mmoja wa tenti yako utasimama kwa mwenzako. Ukiwa na nafasi nne zilizoungana huna shida, lakini kwenye maegesho mengi wahudumu hujaza nafasi kwa mfuatano na hawaruhusu kuwawekea wenzako. Kwa hiyo magari manne yakutane kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu na yaingie kwa msafara. Gari likichelewa dakika kumi, litaegeshwa mistari sita nyuma na sufuria ya pilau ikiwa ndani yake.

Soma masharti ya uwanja wako wiki ile ile, maana hubadilika. Viwanja vingi hukataza chupa za kioo, moto wa kuni chini na karai za kukaangia kwa mafuta mengi. Kwenye viwanja vya NFL, ligi ya timu za kulipwa, tangu mwaka 2013, mfuko wa kuingia nao lazima uwe wa plastiki angavu, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Mkoba mkubwa wa mama utabaki kwenye gari, na ni afadhali ajue hilo akiwa nyumbani.

Lami haipigwi vigingi. Tenti isiyo na uzito ni tanga, upepo ukiivuta itaangukia kioo cha gari la mtu. Kila mguu unahitaji takriban kilo 18. Watu hununua mifuko ya mchanga, lakini kuna njia bora: dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20. Madumu manne yanashika miguu minne, yakifungwa kwa kamba fupi kutoka kwenye kona ya juu ya fremu, si chini ya mguu ambako hayazuii kitu. Karamu ikiisha, maji hayo hayo ndiyo ya kuzimia mkaa na kuoshea. Dumu la tano ni la kunawa mikono, nalo halifungwi popote. Usianze kuchota kwenye madumu ya tenti wakati tenti bado imesimama, maana kila lita unayoitoa ni kilo moja imeondoka kwenye mguu. Desemba, kwenye miji ya baridi kali kama Buffalo au Green Bay, acha nafasi ya juu ya dumu wazi kama vidole vinne, barafu ikivimba isilipasue, na ulilete likiwa na maji ya vuguvugu.

Kupakia ukiwaza taka

Chukua kila kitu unachotaka kupeleka na ujiulize kitakuwa nini saa sita mchana. Pakiti ya nyama ya dukani ina sinia la povu, karatasi ya plastiki na kile kitambaa kinachofyonza damu. Vitu vitatu hivyo kwa kila pakiti, vikinuka, vikivuja. Vyote viishie kwenye pipa la nyumbani: nyama ikatwe, itiwe viungo na ifungwe kwenye mifuko miwili miwili ya kufunga kwa zipu, yenye nguvu. Vitunguu vimenywe na vioshwe kwa chumvi nyumbani. Nyanya zikatwe nyumbani lakini zisitiwe chumvi wala ndimu hadi dakika kumi kabla ya kula, la sivyo utafika na supu badala ya kachumbari. Soda zitolewe kwenye makatoni. Hata vibandiko vya ndizi vinaweza kubanduliwa jikoni.

Halafu sahani. Watu 20 wakila mara mbili kwa sahani za karatasi, ni sahani 40, uma 40, vikombe visivyo na idadi kwa sababu kila mtu huweka chake chini na kusahau ni kipi. Sisi tunasema leteni sinia. Sinia nne kubwa, watu watano kila moja, pilau katikati, nyama juu, kachumbari pembeni. Hakuna sahani ya kupeperuka. Wageni wasiozoea hufurahi kuliko wote, na kwa anayehitaji, weka sahani sita za melamini na vijiko vya chuma kwenye kikapu. Birika na beseni ndiyo mabomba yenu: nusu lita kwa kila mtu, kabla na baada ya kula, ni lita 20, yaani lile dumu la tano. Maji machafu ya beseni yarudi kwenye dumu hilo hilo kwa faneli, likiwa limekwisha maji safi. Kwa hiyo chota kwanza lita kumi za kunawia kabla ya kula uziweke kwenye ndoo yenye kifuniko, na za kunawia baada ya kula kwenye ndoo ya pili. Dumu likiwa tupu linapokea machafu. Vikombe viwe vya chuma au vya plastiki ngumu, kila kimoja na jina kwenye kipande cha utepe. Jina hilo linafanya kazi ambayo maombi hayafanyi.

Ugali tunauacha nyumbani. Unawezekana, lakini upepo hupoza sufuria upande mmoja, unga unarushwa, na sufuria yenye ukoko ndicho chombo kigumu kuliko vyote kuosha bila bomba la maji. Pilau hukaa vizuri zaidi. Kilo mbili na nusu za mchele zinatosha watu 20 wenye nyama ya kutosha. Ipike alfajiri. Chukua boksi la barafu, lijaze maji yaliyochemka, lifunge nusu saa, mwaga, tandika taulo, weka sufuria ambayo mfuniko wake umefungwa foili, jaza taulo pembeni na juu. Boksi linalozuia joto kuingia linazuia pia joto kutoka, na sufuria iliyojaa hubaki moto kwa saa tatu hadi nne. Ipime kwa kipimajoto kabla ya kupakua: ikiwa chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, hiyo si salama tena kukaa.

Mifuko ya taka inunuliwe ile minene ya mafundi ujenzi. Mfuko mwembamba wa jikoni hutobolewa na mfupa wa mbavu kabla haujafika nusu. Mitatu inatosha: mmoja wa taka, mmoja wa makopo na chupa za plastiki, mmoja wa akiba. Tundika mifuko hiyo kwenye fremu ya tenti au ncha ya meza kwa vibanio, usawa wa kiuno, mahali panapoonekana kutoka kila upande. Mfuko uliofichwa nyuma ya gari haupati kitu. Watu si wakaidi, hawauoni tu. Michigan, ambako kila kopo la soda au bia lina amana ya senti kumi, inayorudishwa kopo likirejeshwa, tangu 1978, kuna watu wanaozunguka maegeshoni wakikusanya makopo. Mfuko wenu wa makopo uwe msafi, usiwe na mifupa ndani, na umpe mtu huyo ukiwa mzima.

Nyama

Kwa watu 20: kilo sita za mbuzi mwenye mfupa na kilo tatu za steki ya mishikaki. Vipande vya sentimita tatu, vinne kwa kila chuma, vitahitaji vyuma kama 28. Vyuma, si vijiti. Vijiti vya mishikaki ni taka mbaya kuliko zote za maegeshoni: vinatoboa mifuko, vinatoboa soli za watoto, vinaingia kwenye nyufa za lami na fagio halivitoi. Vyuma unavihesabu unapotoka nyumbani na unavihesabu unapofunga. Kama vilikuwa 30 na sasa ni 29, unatafuta hadi ukione, kwa sababu kiko chini ya gari la mtu.

Mguu wa mbuzi unahitaji saa moja na nusu au zaidi juu ya moto wa wastani, na ratiba ya maegeshoni haina muda huo. Hapo watu hufanya kosa la hatari: wanauchoma nusu nyumbani ili wamalizie uwanjani. Nyama iliyopashwa nusu imekaa katikati ya joto ambalo vijidudu hulipenda, kisha inapozwa polepole, kisha inakaa kwenye buti. Ama ipeleke mbichi na baridi, ikiwa imekatwa mbavu na vipande vidogo vinavyoiva kwa dakika 45, ama ipike hadi iive kabisa siku moja kabla, ipoze haraka kwenye trei zenye kina kifupi, iweke kwenye friji, na uwanjani uipashe hadi ndani ifike nyuzi 74.

Vipimo vya idara ya kilimo ya Marekani ni rahisi kukumbuka. Kuku nyuzi 74. Nyama ya kusaga 71. Vipande vizima vya ng'ombe, mbuzi na kondoo 63, kisha dakika tatu za kupumzika. Chakula baridi kibaki chini ya nyuzi 4, chakula moto juu ya 60, na kilichokaa katikati ya hapo kwa saa mbili kinatupwa. Siku ya Septemba huko Texas joto likipita nyuzi 32, muda huo ni saa moja tu. Lami huongeza joto, kwa hiyo usikadirie kwa utabiri wa hali ya hewa. Weka kipimajoto mezani.

Maboksi ya barafu yawe mawili, na hili tunalisisitiza. La vinywaji linafunguliwa kila dakika na barafu yake inayeyuka upesi. La nyama linafunguliwa mara mbili tu. Kwenye la nyama usitie barafu ya mfuko, maana maji yake yatachanganyika na damu na utakuwa na lita tano za uchafu usio na pa kumwaga. Weka chupa za maji zilizogandishwa tangu usiku. Zinapoza vilevile, hazimwagiki, na zikirudi nyumbani zinaoshwa kwa sabuni na kurudi friza. Usizinywe, zimelala na nyama mbichi.

Kama kuna wageni Waislamu, na mara nyingi wapo, nyama yote itoke bucha la halali na jiko liwe la halali tangu mwanzo, wavu na koleo. Jirani mkarimu atakuja na soseji zake za nguruwe akiomba nafasi kwenye wavu wako. Mpe chai, mpe mshikaki, mweleze kwa upole. Kuwa na jiko dogo la pili la gesi kwa ajili ya vitu kama hivyo kunaondoa maneno mengi.

Moto na saa zake

Jiko halikai chini ya tenti, halikai kati ya magari mawili yaliyobanana, na halikai upande wa tangi la mafuta. Chini yake tandaza kipande cha bati na juu ya bati nyunyiza zile chengachenga za udongo zinazouzwa kwa choo cha paka. Mafuta yote yatakayodondoka yatafyonzwa hapo, nawe utayakusanya na kuondoka nayo. Lami imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, hivyo mafuta ya nyama hayaiachii doa tu, huilainisha. Saruji nayo hunywa mafuta na doa hukaa msimu mzima.

Tumia lile bomba la chuma la kuwashia mkaa. Bomba kubwa hubeba briketi, yaani vipande vya mkaa ulioshindiliwa, 100 hivi. Chini weka karatasi mbili za gazeti zilizonyunyizwa mafuta kidogo ya kupikia, ambayo huzifanya ziungue polepole. Mafuta ya kuwashia ya chupa hatuyapendi: yanaacha ladha kwenye nyama na ni chombo kingine cha hatari kwenye buti. Baada ya dakika 15 hadi 20 briketi za juu zinakuwa na majivu ya kijivu, unamimina. Zimimine upande mmoja wa jiko. Upande usio na mkaa weka trei ya foili yenye maji kidogo, na mbuzi akae juu ya hiyo trei. Mafuta yatadondokea humo badala ya kuwasha ndimi za moto na kuunguza nyama nje huku ndani ni mbichi.

Saa zenyewe: kufika saa tatu asubuhi, tenti imesimama saa tatu na nusu, bomba la kwanza linawashwa saa nne kasorobo, mbuzi anaingia saa nne na dakika tano. Nusu bomba la pili linawashwa saa nne na nusu kwa ajili ya mishikaki, ambayo huiva kwa dakika kumi hadi kumi na mbili. Kula saa tano. Baada ya saa tano hauongezwi mkaa, hata akiomba nani. Kila briketi inayoingia baada ya hapo ni moto ambao mtu atalazimika kuuzima akiwa na haraka.

Anayetumia gesi ana nafuu kwenye kuzima, lakini si kwenye taka. Mtungi mdogo wa ratili moja, kama nusu kilo, hudumu saa moja na nusu hadi mbili kwa moto mkubwa. Kwenye baridi kali shinikizo lake hushuka na moto hulegea, ndiyo maana mtu wa Buffalo hubeba wa pili. Ukiunganisha, paka maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakitokea, gesi inavuja. Mtungi ulioisha hauingii kwenye pipa la kawaida. Daima hubaki gesi kidogo, na ukibanwa ndani ya gari la taka unaweza kulipuka juu ya wafanyakazi.

Kufunga, kuanzia saa sita kasorobo

Hapa ndipo karamu nyingi huharibika, kwa sababu kila mtu huanza na kilicho karibu naye. Anza na moto, kwa kuwa ndio unaohitaji muda ambao huwezi kuuharakisha.

Kufunga matundu ya jiko huzima mkaa, lakini kwa saa nyingi. Kumwaga maji ya baridi ndani ya jiko lenye moto kunaweza kupasua rangi yake ya kauri na hurusha mvuke unaounguza mikono. Njia iliyo salama ni hii: shusha tenti kwanza, ili madumu yawe huru. Jaza maji nusu ya ndoo ya chuma. Kwa koleo refu hamisha mkaa kidogo kidogo ndani ya maji, usimimine wote kwa mpigo. Koroga kwa chuma, ongeza maji, koroga tena, subiri hadi hakuna mvuke wala mlio, kisha gusa nje ya ndoo kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu tu, imekwisha. Viwanja vingi vina mapipa ya chuma ya mkaa peke yake. Mkaa uende humo na si kwenye pipa la plastiki lililo jirani yake, ambalo huwaka moto wakati watu wako ndani wanashangilia. Kama hakuna pipa, ndoo yenye kifuniko inarudi nyumbani. Mkaa usiozimwa kwa maji hauingii ndani ya gari kwa hali yoyote: unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala moshi, na majivu yanaweza kuficha moto kwa siku kadhaa. Na usiusukume chini ya gari, hata kama unaona jirani anafanya hivyo.

Wakati mmoja anashughulika na moto, wa pili anashughulika na chakula. Kilichobaki mezani kwa chini ya saa mbili kinaingia kwenye barafu. Kilichopita kinaingia kwenye mfuko, bila kukionea huruma. Kiporo cha nyama hakingojei mchezo unaochukua saa tatu kwenye buti isiyo na barafu. Kwa ajili ya foleni ya kutoka, ambayo huweza kula saa nzima, acha chupa kubwa ya chai na mahamri. Hayahitaji moto wala hayaharibiki.

Mifupa ifungwe kwenye ile trei ya foili, ikunjwe, ndipo iingie mfukoni. Mafuta ya trei yamwagwe kwenye kopo tupu lenye magazeti yaliyochanwa. Maji ya beseni, ya boksi la nyama na ya ndoo ya mkaa hayamwagwi kwenye mitaro ya maegesho. Mitaro hiyo ni ya maji ya mvua, na sehemu nyingi za Marekani hupeleka maji moja kwa moja mtoni bila kusafishwa. Yarudi na dumu. Maji safi ya barafu ya vinywaji mwaga kwenye nyasi.

Wavu usugue ungali na joto. Tunaikataa brashi ya nyaya za chuma: nyaya hukatika, hunasa kwenye wavu, huingia kwenye nyama, na hospitali za Marekani zimewahi kutoa vipande hivyo kooni na tumboni mwa watu. Nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma mrefu, upande uliokatwa ukisugua wavu, hutoa masizi kwa namna ya kushangaza. Yaliyobaki yaondoe kwa kipande cha mbao.

Mwisho, kabla ya kufunga milango ya magari, watu watatu wenye glavu wasimame sambamba na watembee polepole kutoka mwanzo hadi mwisho wa nafasi zenu, kisha warudi. Wanachotafuta ni vitu vidogo: vifuniko vya chupa, vijiti vya meno, vipande vya foili, vichungi vya sigara, vibanio vya plastiki vilivyokatwa, mbegu za ndimu. Vikubwa kila mtu ameshaviona. Angalieni na chini ya magari. Okoteni pia taka za jirani kama zimepeperukia kwenu, bila kuuliza za nani. Usafi wa viwanja baada ya mchezo mara nyingi hufanywa na vibarua wa usiku au vikundi vya kanisa na shule vinavyochangisha fedha, na wanaofika saa tatu usiku wanaokota kwa tochi. Ohio Stadium, Columbus, ambao ulianza mpango wake wa kuepuka kupeleka taka dampo mwaka 2011, umeonyesha kwamba umati wa watu laki moja unaweza kutenganisha taka. Watu ishirini hawana kisingizio.

Neno kwa wa Naivasha

Anayekwenda Naivasha, Kenya, kutazama mbio za magari za Safari Rally, zilizorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, anafanya jambo lile lile: gari, tenti, nyama choma, soda. Tofauti ni mbili. Kwanza, chini kuna nyasi kavu, si lami, kwa hiyo safisha duara la udongo mtupu wa mita tatu kabla ya kuwasha, na kamwe usifukie mkaa. Udongo huhifadhi joto, na anayekuja kukanyaga hapo kesho, awe mtoto au ndama, hataona kitu. Pili, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, Hell's Gate ikiwemo. Magunia ya sisal au yale ya unga yanabeba taka vizuri na hayatobolewi na mifupa.

Jumapili usiku na Jumatatu

Maboksi ya barafu yasilale yamefungwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kijiko kimoja kikubwa cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwenye lita nne za maji, acha dakika chache, suuza, anika wazi. Usichanganye klorini hiyo na siki wala dawa ya amonia. Chomoa kizibo cha kutolea maji na upitishe brashi ya chupa kwenye tundu lake. Harufu inayowashinda watu kwa wiki nzima huwa imejificha humo.

Damu au maziwa yakimwagika kwenye zulia la buti, tumia maji baridi kwanza. Maji moto huivisha protini na doa huganda kwenye nyuzi. Bonyezabonyeza kwa kitambaa, usisugue, halafu sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya. Doa la mafuta ni kinyume: mwagia wanga wa mahindi au magadi ya kuokea, acha nusu saa, vuta kwa mashine ya vumbi, ndipo utumie sabuni ya vyombo na maji vuguvugu.

Tenti iliyokunjwa na unyevu hushika ukungu kwa siku mbili tatu, na ukungu kwenye kitambaa hautoki. Ifungue gereji au uani usiku ule ule hata kama umechoka, iache ikauke. Jiko liachwe nje hadi kesho yake, likaguliwe kwa mkono, majivu yaliyolowa yafungwe kwenye foili na kutupwa. Zile chengachenga zenye mafuta huenda kwenye pipa la taka za kawaida, bati likipanguswa na kurudi stoo.

Kisha, kabla sanduku la vifaa halijarudi juu ya rafu, rudisha kilichotumika: mifuko mitatu minene, glavu jozi tatu, gazeti, foili, utepe wa majina, kopo tupu, pakiti ya chengachenga. Hesabu vyuma vya mishikaki mara ya mwisho, na uandike kwa peni ya rangi kwenye mfuniko idadi iliyomo.